Ng'ombe Kumi na Wawili wa Tasnim

Mimi ndiye mwenye kinu cha kusaga unga nyuma ya soko la Garsen, na nasema mapema kwamba kompyuta siijui wala sijawahi kujidai naijua. Ninachokijua ni mahindi, dizeli na watu wa foleni. Lakini Tasnim Athmani alifanyia kazi yake katika stoo yangu, kwa umeme wa jenereta yangu na vumbi la unga wangu, na siku hizi kila anayesimulia habari zake anatia chumvi. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika mwenyewe, mimi Kadzo, kabla hajageuzwa malaika.

Hakuwa malaika. Alikuwa msichana wa Kipini wa miaka ishirini na sita, mwembamba, buibui limechakaa viwikoni, na ulimi wa kwao, ule unaoweza kukutukana ukadhani umesifiwa. Alifika mwanzoni mwa mwaka tisini na tisa na masanduku matatu yaliyofungwa kwa blanketi, akaniuliza kama stoo ina panya. Nikamwambia panya wamo, tena wengi. Akasema panya si neno, yeye anachoogopa ni paa kuvuja. Nilimpenda papo hapo ila sikumwonyesha.

Kazi yake alinieleza mara tatu, nikaielewa mara ya nne. Alikuwa ameajiriwa Mombasa na kampuni ndogo iliyokaa juu ya duka la viatu, wakitengeneza tovuti na michezo ya kompyuta kwa wateja wa kila namna. Mwenye kiwanda cha biskuti alitaka mchezo ambao biskuti zinaanguka kutoka juu na mtoto anazidaka kwa kikapu. Mchezo huo ulichukua miezi minne kwa sababu mteja aliona biskuti zake zinaanguka bila heshima. Mchoraji mmoja naye alitaka picha zake zisogee mtu akizigusa, na ziliposogea akasema zimeharibiwa. Hoteli moja ya Malindi ilitaka pomboo aruke kila mgeni anapofungua ukurasa. Pomboo huyo Tasnim alikuja naye Garsen, maana mwenye hoteli hakuchoka kumrekebisha.

Sasa, Garsen wakati huo hapakuwa na mtandao. Simu yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni posta. Kwa hiyo tovuti za Tasnim zilisafiri ndani ya disketi, zimefungwa kwenye bahasha, akapewa dereva wa basi la Mombasa, na basi lilikuwa linakwenda kwa msafara wa polisi kwa ajili ya majambazi wa njiani. Pomboo wa Malindi alipita njia ile mara tisa akilindwa kwa bunduki, ili asogezwe kushoto kidogo. Ng'ombe wetu hawakuwahi kupata ulinzi huo. Na Tasnim hakuiona tovuti hata moja ikiwa hewani, sawa na sisi. Alikuwa anatengeneza vitu vya kutazamwa na dunia nzima isipokuwa yeye.

Kilichomleta Garsen, kwa maneno ya ofisini, ni mradi wa shirika moja la Nairobi. Shirika lilitaka mchezo wa kompyuta wa kufundisha amani baina ya wafugaji na wakulima wa mtoni. Jina la mchezo lilikuwa Maji ya Wote. Mchezaji anapewa ng'ombe kumi na wawili, anawapitisha kati ya mashamba hadi mtoni, wanywe, warudi. Ng'ombe akila mazao, mashine inapiga honi na mchezo umekwisha. Asipowafikisha wote, ameshindwa. Hayo ndiyo waliyoyaona Nairobi kuwa ni amani.

Kilichomleta kwa kweli ni mama yake. Bi Mwanamize alikuwa Kipini, macho yamekwisha, na hakukubali kuhamishwa kwenda Mombasa. Alisema nyumba yake anaijua kwa mikono, ya Mombasa ataijua kwa kuanguka. Tasnim akamwambia bosi wake kwamba kazi ya mchezo huu inafanyika vizuri zaidi karibu na wenyewe. Bosi akakubali kwa sharti. Shirika litamnunulia mashine, lakini siku ya Alhamisi moja ya mwezi wa nane Mratibu wa mradi atakuja na wageni, na mbele yao mzee mmoja wa kila upande lazima aucheze mchezo hadi mwisho. Wakiucheza, mashine inabaki, na Tasnim atabaki nayo akifanya kazi za kampuni kutoka huku. Wasipoucheza, mashine inarudi Nairobi na yeye anarudi Mombasa kwenye biskuti. Safari zake za kila Ijumaa kumwona mama Kipini zitakuwa zimekwisha. Aliniambia hivyo siku ya kwanza, akiwa amekalia gunia, na toka siku hiyo nami nikawa nahesabu miezi.

Kitu ambacho hakuna aliyekipanga ni foleni. Kinu kikisaga, umeme unayumba na kompyuta inazimika. Kikipumzika, yeye anafanya kazi. Lakini kinu kikipumzika, watu wanaongoja hawana la kufanya ila kuchungulia dirisha la stoo. Wanawake wa Kipokomo wenye mabeseni ya mahindi, Waorma wenye magunia juu ya punda, wote wakasimama pale wakimtazama akichora mto, na wote walikuwa na neno. Mto haukunji hivyo. Hapo pana kina. Hapo toka mafuriko ya El Nino pamekuwa mchanga. Mtu mwingine angefunga dirisha. Tasnim akalifungua zaidi, akachora walivyosema, akauliza tena.

Barua ya Mratibu ilikuwa imeagiza wazi kwamba bonde la mchezoni liwe bonde lolote, lisifanane na mahali popote palipo na wenyewe. Niliisoma mwenyewe. Nilimkumbusha, akanijibu kwamba mto usio na mahali ni mfereji wa choo. Ndiyo kasoro yake hiyo. Angepewa kazi ya kuchora kiatu angeuliza nani alikivaa.

Wa kwanza kukataa mchezo alikuwa Mzee Jatani, mfugaji wa Kiorma, mrefu, mkimya, ambaye husaga mahindi yake kila Jumanne. Tasnim alimwita ndani ajaribu. Kwenye skrini walikuwa wamesimama ng'ombe kumi na wawili, wote kahawia, maana alimchora mmoja kisha akamnakili. Mzee alitazama kitambo.

"Hii yote ni ng'ombe moja," akasema. "Nani nachunga ng'ombe moja mara kumi na mbili? Hiyo ni ya kuibwa."

Akatoka. Jumanne iliyofuata Tasnim alimwomba amtajie ng'ombe wake, mmoja mmoja, na Mzee Jatani, ambaye sijawahi kumsikia akisema maneno ishirini kwa siku, alizungumza mpaka mahindi yake yakasagwa na kupoa. Kuna mweusi mwenye mkia mweupe, kuna wa pembe iliyopindia sikioni, kuna mwekundu anayechechemea. Na kuna yule wa paji jeupe, ng'ombe mzee aliyewazaa wengine wanne kati ya hao. Huyo wa paji jeupe Tasnim alimrudia mara nne. Mara paji pana mno, mara anatembea kama ndama. Mara ya tano mzee akasogea karibu na kioo, akamwita ng'ombe kwa jina lake, taratibu, kama mtu asiyetaka kusikika. Tasnim alinisimulia baadaye kwamba katika biskuti zote na pomboo wote, hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kupewa.

Upande wa wakulima alikuwa Mzee Hudson Gunga, Mpokomo, aliyekuwa mwalimu wa shule ya Jumapili na bado anazungumza na watu wazima kama wako darasani. Huyu husaga Jumatano. Yeye aliuchukia mwisho wa mchezo. Alisema ng'ombe akila mhindi wake, hapo mambo hayaishi, ndipo yanapoanza: anakwenda kwa mwenye ng'ombe, wanakaa, wanasema. Aliyetunga honi ile, akasema, hana jirani. Honi ilikuwa kwenye mkataba, haikutolewa, lakini Tasnim akamchorea shamba zuri kwa kumbembeleza, na mpunga, na migomba, na ule mwembe mkubwa uliovunjwa tawi na mafuriko.

Jumanne na Jumatano si bahati tu. Wazee hawa wawili walikuwa hawajasalimiana mwaka na zaidi. Mafuriko yalipopungua, mto ulikuwa umehama, na mahali ng'ombe wa akina Jatani walipokuwa wakishukia maji, sisi tunapaita malka, palibaki udongo mzuri wa kulima. Akina Hudson wakapanda migomba. Ng'ombe wakawa wanazunguka nusu ya siku kutafuta maji, na walipochoka kuzunguka walipita katikati ya migomba. Mikuki ilishatolewa mara moja. Jina la mahali sitalitaja, kwa kuwa bado naishi hapa na wote ni wateja wangu.

Na ndipo hapo hapo foleni yangu ilipomchoresha Tasnim mchezo wake. Mama huyu kasema kona ya mto, yule kasema mwembe, Jatani kasema ng'ombe, Hudson kasema migomba. Kila mmoja alichangia kipande chake, na hakuna aliyekuwa ameona picha nzima, maana mashine ilikuwa ndogo ikionyesha bonde robo robo. Nadhani Tasnim mwenyewe alijua. Alipoulizwa siku nyingine alisema alijua na hakujua, na mimi nilimwambia huo ni ujinga wa msomi.

Alhamisi ikafika. Nilifunga kinu siku nzima, jambo ambalo sikulifanya hata nilipofiwa na mume. Meza ikatolewa barazani chini ya mabati, kompyuta ikawekwa, wageni wanne wa shirika wakapewa viti, na Mratibu, kijana mwenye miwani na fulana yenye jina la mchezo, akahutubia. Foleni nayo ilikuja na mabeseni yake kama kawaida, na nilipowaambia leo hatusagi wakasema hawana haraka.

Wazee wakakalishwa bega kwa bega bila kutazamana. Tasnim alikuwa amepata pesa ya kukodi kioo kikubwa cha kompyuta kutoka Malindi, ili wageni waone vizuri, na kwa mara ya kwanza bonde lote likaonekana kwa pamoja.

Kisha Mzee Hudson akanyoosha kidole kwenye mwembe wenye tawi lililovunjika.

"Hili ni shamba langu," akasema.

"Na hii ni malka," akasema Mzee Jatani.

"Ilikuwa malka."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyoambiana kwa miezi kumi na minne. Mratibu aliyafurahia, akawapa mausi waanze kucheza. Hawakuishika. Mzee Hudson alimgeukia Tasnim, akamwambia aisogeze ile njia ya ng'ombe, imepita juu ya migomba yake. Tasnim akamtazama Mratibu, akamtazama Jatani. Akaisogeza. Mzee Jatani akasema hapo kingo ni kali, ng'ombe atavunjika mguu, irudishe. Akairudisha. Hudson akasema migomba inahamishika lakini mwembe hauhamishiki, basi ipite huku ya mwembe. Jatani akasema huku ya mwembe ni nyembamba. Basi wakaendelea hivyo, kidole hapa kidole pale, kila mmoja akimwambia Tasnim badala ya kumwambia mwenzake, na Tasnim akisogeza ule mkanda wa rangi ya vumbi kama mtu anayepima kitambaa kwa wateja wawili wakali.

Wanawake wa foleni nao wakaingia. Wao ndio wanaochota maji, wanajua kingo zilipo chini. Mmoja wa Kipokomo na mmoja wa Kiorma walionyesha mahali pamoja kwa pamoja, wakacheka. Saa tatu ikawa saa sita. Wageni wakamaliza soda zao. Mratibu akasimama mara ya tatu, akawaomba wazee kwa heshima zote waache hayo sasa waanze mchezo.

Mzee Hudson akamjibu bila kugeuka. "Kijana, hebu kaa. Acha watu wamalize kazi."

Alasiri walimaliza. Mkanda ulipita kando ya mwembe, ukaacha migomba kumi na tisa ndani, ambayo Hudson alikubali kuing'oa, ukashuka pale wanawake walipoonyesha. Wakataka ramani ile ichapwe. Tasnim akaichapa kwenye karatasi mbili. Hudson akatia sahihi ya kialimu, Jatani akatia dole gumba kwa wino wa utepe wa printa, na wakamwagiza Tasnim aifunge mashine pasiingie mkono mwingine. Kisha wakaenda zao, kila mtu njia yake, na karatasi yake.

Ng'ombe kumi na wawili hawakuwa wamepiga hata hatua moja. Mratibu alijaza fomu pale pale juu ya meza yangu. Mchezaji wa upande wa kwanza: hakucheza. Wa upande wa pili: hakucheza. Maelezo: bonde limefanana na mahali halisi kinyume cha maagizo, na hilo limewavuruga wazee. Akamwambia Tasnim anasikitika, naye nadhani alisikitika kweli, hakuwa mtu mbaya. Akasema Jumamosi atakuja na gari kuchukua mashine.

Ijumaa Tasnim alikwenda Kipini kumwambia mama yake. Sijui waliambiana nini. Alirudi Jumamosi alfajiri macho yamevimba, akaanza kufunga blanketi.

Gari la shirika lilipofika, mlango wa stoo ulikuwa umezibwa. Mzee Jatani alikuwa ameketi kizingitini juu ya kigoda chake, na kando yake, kwenye kiti alichokuja nacho kutoka nyumbani, alikuwa ameketi Mzee Hudson. Hawakuitwa na mtu. Mratibu akawaamkia, akawaeleza kwamba mashine ni mali ya shirika na mkataba umekwisha. Walimsikiliza vizuri sana.

"Malka yetu iko ndani," Mzee Jatani akasema. "Wewe nabeba malka, ng'ombe tapita wapi?"

Mratibu akasema malka iko kwenye karatasi waliyopewa. Mzee Hudson akasema karatasi hunyeshewa na mvua, huliwa na mchwa, na yeye amefundisha miaka thelathini, anajua karatasi. Mratibu akasema basi atakuja na askari. Mzee Hudson akamwambia aje nao, na awaletee viti, maana wao hawatakuwa na vya kutosha. Kufikia saa nne walikuwa watu arobaini kwenye ile baraza, mabeseni na punda na yote, Wapokomo na Waorma, wamejipanga vizuri kuliko wanavyojipanga kwa unga wangu.

Gari likaondoka tupu. Miezi baadaye bosi wa Mombasa alimtumia Tasnim nakala ya ripoti, na nikaisoma kwa sauti kinuni. Iliandikwa kwamba jamii zote mbili zilionyesha uhasama, na kwamba hakuna dalili ya ushirikiano iliyoonekana katika muda wote wa mradi. Nilicheka mpaka nikashika nguzo.

Basi Tasnim akabaki. Ndivyo alivyotaka, na watu husema alishinda. Lakini mimi nilikuwa ukuta wa pili, na niliona alivyobaki. Hakuwa tena mtunga michezo, alikuwa mlinzi wa sanduku. Bosi aliendelea kumpa kazi za hoteli kwa kuwa mashine ya bure haikataliwi, ila kila alipobonyeza kitu palikuwa na mtu dirishani akiuliza anabonyeza nini. Aliyepanda mgomba mahali pa wasiwasi alikuja kuangalia. Aliyepitisha ndama pembeni alikuja kuangalia. Mkanda wa vumbi ukafunguliwa mara tano kwa siku, ng'ombe wakiwa wamesimama juu yake kama wanaongoja basi. Alipoalikwa harusi Mombasa, ya siku moja tu, akaambiwa na wazee asisafiri mbali na ufunguo wa stoo. Aliniambia siku moja, akipangusa unga kwenye kibodi, "Da Kadzo, mimi nlitaka kubaki. Sikutaka kuwekwa." Nikamletea chai.

Desemba ikaja na ile habari ya redio, kwamba mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote duniani zitachanganyikiwa, zitadhani ni mwaka elfu moja mia tisa. Chifu akairudia barazani na kuiongezea. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Wazee wakaja wote wawili, safari hii siku moja, wakamtaka Tasnim aeleze. Akawaambia malka haina tarehe, haitadhurika hata kidogo. Alieleza kwa upole, kwa ukweli mtupu, na hakuna aliyemwamini.

"Kitu kinachoweza kusahau mwaka," akasema Mzee Hudson, "kitakumbuka malka?"

Wakaamua malka wasiiachie mashine. Siku tatu za mwisho wa mwaka, Waorma wakiwa na saumu zao na Wapokomo wakinywa maji yao kwa siri nyuma ya migomba kwa adabu, walikwenda kupanda ua wa minyaa pande mbili za malka, kutoka mbugani hadi kwenye maji. Mnyaa hukatwa ukachomekwa tu, na ng'ombe hauli. Tasnim alitangulia mbele na karatasi, akigeuza upana wa kidole kuwa hatua, na Hudson na Jatani wakimfuata wakibishana juu ya urefu wa hatua. Jioni ya mwisho mistari yote miwili ilikuwa imesimama.

Mwaka ukaingia. Tasnim akawasha mashine asubuhi, kila kitu kiko mahali pake, ng'ombe, mwembe, malka. Akafungua dirisha, akangoja. Siku ile hakuja mtu. Siku ya pili hakuja mtu. Juma zima foleni ilisimama pale ikizungumza habari za Idd na bei ya sukari, na hakuna aliyeangalia ndani. Ungedhani angefurahi, amepata uhuru wake, mashine sasa ni yake na mama yake yuko mwendo wa asubuhi moja. Alilia. Nilimuuliza analilia nini, akasema hajui, ila ametengeneza mchezo mmoja wa maana maishani mwake, na hakuna binadamu aliyewahi kuucheza. Nikasema hata mimi sijawahi. Akasema wewe usinichekeshe.

Ukame wa Februari ulikuwa mkali. Malka ilifanya kazi yake, ng'ombe walishuka bila mkuki kutolewa, lakini nyasi hazikuwepo, na maji peke yake hayamlishi mtu. Jumanne moja Mzee Jatani alikuja na gunia dogo kuliko kawaida. Hakupanga foleni. Alikwenda moja kwa moja stoo, akasimama mlangoni, akauliza kama ng'ombe bado wako.

Tasnim akasema wapo wote. Mzee akasema yule wa paji jeupe alilala njiani juzi, hakuinuka. Akauliza, kama si usumbufu, anaweza kumpeleka maji.

Nilizima kinu bila kuambiwa. Tasnim akamweka mzee kitini, akamshikisha mausi, akafunika mkono ule wa mifupa kwa wake mpaka ulipoelewa. Mzee Jatani alimwondoa ng'ombe mmoja tu kundini. Wengine aliwaacha wamesimama. Akamtembeza polepole, akamzungushia migomba ya Hudson kwa mbali kuliko ilivyohitajika, akampitisha kando ya mwembe, na pale ukingo unapoteremka akasimama kidogo, nadhani ili ng'ombe apumue. Kisha akamshusha. Yule wa paji jeupe akainamisha kichwa, akanywa. Tasnim alikuwa amemchorea koo linalosogea, jambo ambalo hakuna aliyeliagiza.

Ndipo mashine ikapiga honi, na maandishi mekundu yakajaa kioo kizima. Yalisema: UMESHINDWA. UMEPOTEZA NG'OMBE KUMI NA MMOJA.

Mzee Jatani hajui kusoma. Akauliza imeandikwa nini.

Tasnim akamwambia imeandikwa ng'ombe ameshiba maji. Mzee akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda kuchukua nafasi yake nyuma ya foleni.